Beseni la Namba Tano

Jumatatu ile mama mtengeneza sabuni, mteja wa karakana ya ndoo, hakubisha hodi. Aliingia ofisini na ndoo kwapani, akaitua mezani juu ya karatasi ambazo Msomi alikuwa anazipanga tangu asubuhi, akachomeka ukucha kwenye ufa na kuvuta. Ukuta wa ndoo ukabanduka tabaka kwa tabaka, kama kitunguu.

Akaeleza bila kupaza sauti. Ijumaa iliyopita mfanyakazi wake alimimina sabuni ya moto ndani ya ndoo hiyo, akashika mpini ainue, na ubavu wote ukafunguka. Sabuni ilimwagikia mguu wa kushoto, kuanzia goti hadi vidoleni. Sasa yuko nyumbani, mguu umefungwa bandeji, na wadogo zake ndio wanaompikia.

“Ama mnanidanganya, ama kuna mtu anawadanganya nyie,” alimalizia. “Mpaka nijue ni lipi, siagizi hata kifuniko.”

Alipoondoka, mjomba wake Msomi alibaki ameshika kile kipande kilichobanduka, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Karakana ile ilikuwa yake, aliianzisha akiwa na mashine moja ya mkono na chumba cha kupanga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia mpwa wake kwamba tabaka namna ile huja kwa sababu moja tu: plastiki ya namba mbili imeingia kwenye ya namba tano. Na kama chumba cha kuchambua kimeshindwa kuzitenganisha, basi hakina kazi. Atanunua punje mpya za plastiki kutoka kiwandani, zenye muhuri na cheti, na chumba akifunge.

“Una mpaka Ijumaa,” alisema. “Nataka kujua inapita wapi.”

Msomi alianza kukusanya karatasi zake. Jina hilo la Msomi alipewa na fundi wa mashine siku ya kwanza tu alipofika na shahada yake ya biashara kwenye bahasha ya kaki, wiki sita zilizopita, na likamganda. Alikuwa ameomba kazi kwa mjomba wake huku rafiki zake wakitafuta mabenki, kwa sababu aliamini kwa moyo wote kwamba hakuna kitu kinachopaswa kutupwa baada ya kutumika mara moja. Kuona ndoo iliyovunjika ikatupwa jalalani ikirudi kuwa ndoo kulimfurahisha kama mtu aliyeona mgonjwa akinyanyuka kitandani. Punje mpya zikija, hayo yote yatakwisha. Na Mama Beseni ataambiwa arudi nyumbani.

Mama Beseni ndiye aliyekuwa chumba cha kuchambua. Chumba na yeye vilikuwa kitu kimoja. Alianza na mjomba tangu enzi za mashine ya mkono. Ndiye aliyemfundisha Msomi namba, wiki ile ya kwanza, akiwa amekaa kwenye kigoda chake na goti bovu amelinyoosha mbele. Chupa ya maji ya kunywa ni namba moja, nyepesi na inang’aa, lakini itie maji ya moto uone inavyojikunyata. Dumu la dawa ya kuondoa madoa ni namba mbili. Ukali wa dawa haulitishi, ila joto hulilegeza. Bomba ni namba tatu, na ukilichoma linatoa moshi wa kukutoa machozi. Kikombe cha mtindi ni namba sita, kinalia kama bati ukikidondosha sakafuni. Na namba tano, alisema akiipapasa kama mtu anayempapasa mjukuu kichwani, namba tano ndiyo inayostahimili moto. Kwa ndoo ya kumiminiwa sabuni inayochemka, haina mbadala.

Shida ni kwamba wauza chakavu walileta plastiki ikiwa imeshasagwa. Gunia zima la chenga, nyeupe na za buluu, na muhuri wa namba umesagwa humo humo. Kwa macho namba mbili na namba tano zilifanana kama mapacha. Kwa hiyo Mama Beseni alichota gao moja la mkono kutoka kila gunia, akalimwaga ndani ya beseni la bati, akakoroga kwa mwiko na kusubiri. Zilizoelea ni tano. Zilizozama ni mbili. Zikizama nyingi, gunia linarudi lilikotoka.

Msomi aliamua kuanzia hapo, kwa upole, kama mtu anayetafuta sindano bila kutaka kuamsha mtoto. Alichukua daftari la Mama Beseni na kuketi nalo.

Alichokiona kilimfanya alifunge na kulifungua tena. Miezi yote ya nyuma, kila wiki magunia mawili au matatu yalikataliwa. Wiki tatu za mwisho, hata moja. Yote yamepita. Wauza chakavu wale wale, wenye visingizio vile vile, ghafla wamekuwa malaika.

Alijaribu kutafuta sababu njema, akakosa. Tangu dakika hiyo kila kitu kilianza kuwa na sura mbili.

Kwa nini, kwa mfano, Mama Beseni alilifunika beseni lake kwa kifuniko na juu yake akatandika kitambaa, kana kwamba ni chakula cha wageni? Kwa nini kila Jumatatu asubuhi alifunga mlango kwa ndani kwa robo saa nzima? Kesho yake, Jumanne, Msomi alimuuliza hivi hivi tu, kama mzaha, anapika nini humo ndani. Mama Beseni alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

“Mwanangu,” alisema, “kila mtu ana mfuko wake ambao hageuzi nje.”

Jioni ya siku hiyo hiyo Msomi alimwona langoni na mwanamume asiyemfahamu. Waliongea wakiwa wamekaribiana, na yule mwanamume akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Mama Beseni alikipokea, akakisukumiza chini ya mtandio, akarudi ndani akichechemea upesi kuliko goti lake lilivyomruhusu.

Fundi wa mashine naye aliona. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba chake, anajifuta grisi. Akasema kwamba kama huyo ni mchumba, basi amechelewa miaka thelathini, na kama ni posa, ni ndogo mno. Msomi hakucheka. Alikuwa anakumbuka harufu.

Harufu hiyo aliisikia tangu wiki za mwanzo. Karakana nzima ilinuka plastiki iliyoyeyuka, na chumba cha pili walikochapa nembo kilinuka thina, kwa hiyo pua ya mtu ilichoka mapema na kuacha kuuliza maswali. Lakini mikono ya Mama Beseni ilikuwa na harufu nyingine, kali, ya baridi. Hata beseni lake. Msomi alijua hilo vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua karakana kila asubuhi, na kwa wiki kadhaa sasa alikuwa na desturi yake ndogo ambayo hakumwambia mtu. Alilikuta beseni limepungua na lina vumbi la chenga, akamwonea huruma mama wa watu na goti lake, kubeba ndoo kutoka bombani. Basi akamwaga nusu ya yale maji machafu, akajaza mapya hadi kwenye alama, akarudisha kifuniko na kitambaa. Alipenda kufanya wema usio na shukrani. Na mara ya kwanza ile harufu ilipompiga usoni alidhani ni thina. Sasa hakudhani hivyo tena. Sasa aliona mtu anayekunywa kwa siri na kusuuzia kikombe chake mle ndani ili kisimnukie.

Jumatano, Mama Beseni alipotoka kwenda kunywa chai, Msomi aliingia chumba cha kuchambua. Alijichukia, lakini akapekua. Nyuma ya magunia ya kona ya kushoto, ndani ya debe lililogeuzwa, zilikuwamo chupa tatu. Mbili tupu. Ya tatu ilikuwa bado imezungushiwa gazeti. Haikuwa na nembo. Alifungua, akanusa ile ile harufu kali, akarudisha kizibo.

Alikaa juu ya gunia kwa muda. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake sasa, na hilo ndilo lililomuuma. Mama anakunywa. Anapokea chupa kutoka kwa watu wa chakavu, na wao wanapitishiwa magunia yao. Na mwisho wa mnyororo huo kuna mguu wa mtu uliounguzwa.

Alimwambia mjomba siku ya Alhamisi, baada ya kukaa nalo kama mtu aliyemeza mfupa. Alisema kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba pengine mama ana matatizo, pengine asaidiwe badala ya kufukuzwa. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akavaa kofia yake ingawa alikuwa anatoka chumba kimoja kwenda kingine, na akaenda.

Alimkuta Mama Beseni kwenye kigoda. Fundi wa mashine aliitwa pia, kwa sababu alikuwa mmoja wa watu watatu wenye ufunguo wa mlango huo. Wengine ni Mama Beseni mwenyewe na Msomi. Mjomba alivuta debe, akazitoa chupa tatu na kuzipanga sakafuni mstari mmoja.  

Mama Beseni alizitazama chupa, halafu akamtazama Msomi, na Msomi akaangalia ukutani.

“Kwa hiyo mmenipekua,” alisema.

“Unakunywa kazini?” mjomba akauliza.

“Mimi?” Akashika goti na kuinuka, taratibu, akikataa mkono wa fundi. “Ningekuwa nakunywa hiyo, mngekuwa mmeshanizika. Ni spiriti ya kusafishia vidonda.”

 Mama Beseni alionekana kama mtu anayepima kama atavua nguo hadharani au la. Mwishowe alichukua bilauri kutoka rafu ya juu, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Akaomba maji ya kunywa. Akamimina maji nusu, akafungua ile chupa mpya na kumimina spiriti nusu, akakoroga kwa kidole. Kutoka mfukoni mwa gauni alitoa vipande viwili, kimoja kilichokatwa kwenye dumu na kingine kwenye ndoo nzima, na akavidondosha vyote ndani.

Cha dumu kilizama. Cha ndoo kikaelea.

“Kwenye maji matupu vyote huelea,” alisema. “Mbili inaelea, tano inaelea, maji hayabagui. Ndiyo maana karakana nyingine zinachanganya. Spiriti inayafanya maji kuwa mepesi, na mbili inashindwa kujishikilia. Nilijifunza kwa marehemu mume wangu, na yeye alijifunza kwa kuharibu.” Akamgeukia mjomba. “Nilikuficha miaka yote. Nilijua siku utakayojua ni nusu kwa nusu tu, utamweka mtu yeyote mwenye mikono miwili hapa, na mimi nikauze karanga.”

Mjomba alivua kofia, akaivaa tena. Aliuliza, kama ni hivyo, kwa nini mbili imepita wiki tatu mfululizo.

Mama Beseni alikiri kwamba hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mwanzoni alifurahi magunia yalipokuwa yanapita, akadhani wauza chakavu wamepata akili. Tangu Jumatatu, alipoiona ile ndoo iliyomenyeka, alianza kumshuku muuza dawa kwamba anazimua spiriti, ndiyo maana akamwomba shemeji yake amletee chupa kutoka duka jingine, na akamsihi aifunge kwenye gazeti. Huyo ndiye mwanamume wa langoni.

Huku akisema hivyo alikuwa ameshafunua beseni. Akavitoa vile vipande viwili kwenye bilauri, akavikung’uta na kuvitupia mle.

Vyote vikaelea.

Alivizamisha kwa mwiko. Vikarudi juu, viwili, vikagusana begani kama vinacheka. Mama Beseni alichovya kidole, akakinusa, akakiweka ulimini.

“Hili nimelichanganya Jumatatu kwa mkono wangu,” alisema pole pole. “Haya ni maji. Mtu ametia maji.”

 Mjomba aligeuza kichwa na macho yake yakatua kwa fundi wa mashine, yakakaa hapo. Fundi alikuwa na ufunguo. Fundi ndiye aliyelalamika mara mbili mwezi uliopita kwamba magunia yakikataliwa mashine yake inakaa bure. Fundi alicheka na kila mtu, hata na wauza chakavu, na wakati mwingine kicheko kile kilikuwa kirefu mno.

“Msinitazame hivyo,” fundi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. “Mimi hata hilo beseni sijui linafunguliwa upande gani.”

“Ufunguo unao,” mjomba akasema.

“Ninao. Na nina watoto wanne pia, kama unahesabu nilivyonavyo.”

“Niwekee hapa mezani.”

Fundi aliutoa ufunguo kwenye mnyororo wa suruali. Vidole vilimganda, kucha zake nyeusi kwa grisi zikihangaika na kile kipete kidogo. Msomi alikuwa anatazama vidole hivyo. Alijua tangu neno *maji* lilipotamkwa. Lilimwingia kama maji yenyewe, baridi, kuanzia utosini. Alijiambia kwamba kungali na muda, kwamba atamweleza mjomba baadaye, faraghani, kwa mpangilio mzuri, na fundi atarudishiwa ufunguo wake bila madhara. Alijiambia hivyo mpaka ufunguo ukachomoka.

“Ni mimi,” alisema.

Walimgeukia.

“Kila asubuhi. Nilikuta limepungua, nikadhani ni maji machafu. Namwaga nusu, najaza.” Alitaka kuishia hapo lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. “Nilitaka mama asibebe ndoo. Kwa goti lile.”

 Mjomba aliketi juu ya gunia, na gunia likalia chini yake. Aliyezungumza kwanza ni Mama Beseni, na hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa rahisi zaidi kuisikiliza.

“Wiki ngapi?”

“Tatu. Zinakaribia nne.”

“Wiki nne unashika beseni langu, na hukuniuliza kuna nini ndani?”

“Ulilifunika kwa kitambaa, mama. Kila nilichokuuliza ulikigeuza.”

“Na harufu hukuisikia?”

 “Niliisikia,” Msomi alisema. “Nilidhani ni yako.”

Mama Beseni akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza hesabu ndefu ikisomwa. Kisha akaenda kwenye dirisha na kuwapa mgongo.

Mjomba hakumfokea mtu. Alimrudishia fundi ufunguo kwa mikono miwili na kumwomba radhi kwa sauti iliyosikika. Akasema kila gunia lililopitishwa tangu mwanzo wa mwezi litapimwa upya, na kila ndoo iliyotengenezwa itatafutwa ilipo. Chumba hakifungwi kwa sasa. Kwa sasa, alirudia, na neno hilo likabaki limening’inia. Na Msomi ataandamana naye kwa mtengeneza sabuni, na si mjomba atakayesema.

Walipima Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu yote. Mama Beseni alikubali Msomi achanganye mwenyewe, nusu kwa nusu, mbele yake. Alimwonyesha jinsi ya kumimina bila kumwaga na jinsi ya kusubiri vipovu vitoke kwenye chenga, kwa kuwa kipovu kimoja hubeba namba mbili hadi juu na kukudanganya. Alimwonyesha kila kitu, na bado kila Msomi aliponyoosha mkono kuelekea chupa, macho ya yule mama yalifuata mkono. Hakumwita *mwanangu* hata mara moja siku hizo tatu. Magunia kumi na moja yalirudishwa.

Jumanne walibeba ndoo ishirini zilizotengenezwa asubuhi hiyo, zikiwa bado na uvuguvugu wa mashine, wakaenda. Mtengeneza sabuni aliwapokea uani, kati ya masufuria makubwa mawili. Yule dada mfanyakazi aliyeungua alikuwepo pia. Alikuwa amekuja kuchukua ruhusa yake ya hospitali, mguu umefungwa bandeji hadi chini ya goti, na ameuegesha kwenye stuli. Alikuwa mdogo kuliko Msomi alivyomfikiria. Walikuwa karibu rika moja.

Msomi alimsalimu, akamweleza. Alikuwa amepanga maneno njiani, akayaacha, akasema tu alivyofanya, na kwa nini, na kwamba sababu haipunguzi kitu. Yule dada alimsikiliza bila kumtazama usoni; alikuwa anatazama mikono yake.

“Kwa hiyo hakuna mtu aliyekula rushwa,” alisema alipomaliza.

“Hakuna.”

“Ningependa awepo. Mtu wa rushwa ningemlaani nikalala.” Akavuta pumzi. “Zile nyingine ziko wapi? Za wiki hizo nne.”

Mjomba alijibu kwamba zimepatikana zote isipokuwa sita. Yule dada akawataja majirani wawili waliokuwa wamezichukua kwa ajili ya kuchotea maji, na mmoja anayemiminia nta ya moto, na Msomi akaandika haraka, kalamu ikichana karatasi. Akasema atakwenda kwa huyo wa nta kwanza, sasa hivi.

“Ngoja,” dada akasema.

Akamwelekeza bosi wake kwenye ndoo mpya kwa kidevu tu. Mtengeneza sabuni akaelewa. Alichukua ya juu kabisa, akaiweka katikati ya ua, mbali na kila mtu, akachota kwa ndoo ya chuma maji yaliyokuwa yanatokota na kuyamimina hadi ukingoni. Mvuke ukapanda. Akapitisha fimbo ndefu kwenye mpini, ncha moja akaishika yeye, ya pili akampa Msomi, na wakainua.

Yule dada alivuta mguu wake karibu zaidi na ukuta. Ndoo ilining’inia kati yao, nzito, ikiyumba kidogo, na hakuna aliyesema iteremshwe.